Barua ya wazi kwa mnaogawana chanjo: mkibadili kauli huko juu, sisi ndo tunafungiwa mlango

Shikamooni wakubwa wetu.

Barua hii naielekeza kwa mawaziri wa afya wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa Sekretarieti ya Jumuiya pale Arusha, kwa Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, kule Addis Ababa, kwa Profesa Mohamed Janabi anayeongoza Shirika la Afya Duniani (WHO) kanda ya Afrika, na kwa wale wa Gavi, mfuko unaosaidia nchi maskini kupata chanjo, wanaokaa Geneva. Najua ni wengi na kila mmoja anaweza kusema hili linamhusu mwenzake, ndo maana nimewaweka wote kwenye barua moja.

Mimi ni mwanamke wa Namanga, upande wa Tanzania. Niko kwenye kikundi cha wanawake 26. Tulianza na vikoba vya kawaida tu, kuweka hisa na kukopeshana, alafu mwenzetu mmoja akafiwa na mume, shemeji zake wakaja kuchukua ng'ombe wote mpaka ndama, tukasema hapana, tukaenda naye kwa malaigwanani, wazee viongozi wa Kimaasai, tukaenda naye baraza la kata, na toka siku hiyo kikundi kikapata kazi nyingine ambayo hakuna aliyetuajiri kuifanya. Mirathi, mabinti kuozeshwa wakiwa shule ya msingi, ukeketaji, na baadae chanjo.

Kuna watu wanatuuliza chanjo na usawa wa kijinsia vinaingilianaje. Jamani. Mtoto anabebwa na mama, homa yake anaikesha mama, kadi ya kliniki anaitunza mama kwenye mfuko wa nailoni isilowe, lakini ruhusa ya kwenda kliniki ni ya baba, nauli ya bodaboda ni ya baba, na baba akiwa amehama na mifugo ruhusa inahamia kwa mama mkwe au kwa shemeji. Mwanamke anaweza kuelewa kila kitu kuhusu surua na bado mtoto wake asichanjwe kwa sababu hana shilingi elfu nne mkononi na hana neno la mwisho nyumbani kwake mwenyewe. Kwahiyo sisi tukikaa na wanaume chini ya mti kuongea habari za mama kumiliki hata mbuzi wawili wa kwake, hapo tunaongea habari za chanjo, hata kama neno chanjo halijatajwa.

Naomba niwaonyeshe siku moja ya huduma ya mkoba, yaani muuguzi kutufuata na chanjo huku kwenye maboma, ilivyo, maana naona kwenye ripoti huwa inaandikwa mstari mmoja tu.

Muuguzi anakuja na pikipiki, kasha la barafu limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Ndani kuna chupa ya surua na rubela, chupa moja ni ya watoto kumi, na ni unga, ukishauchanganya na maji yake una saa 6 tu, zikipita inamwagwa. Sasa fikiria muuguzi amefika kwenye boma akakuta watoto wawili. Afungue chupa ya watoto kumi kwa ajili ya wawili? Akifungua, dozi nane zinakwenda chini na akirudi kituoni anaulizwa, asipofungua wale kina mama wawili waliotembea toka alfajiri wanarudi na watoto wao hivyohivyo, na mama aliyerudishwa mara moja ukimwambia aje tena mwezi ujao anakuangalia tu. Hapo ndo kazi yetu ilipo. Wanawake wa kikundi tunaamka saa kumi na moja, tunapita boma kwa boma, tunawakusanya watoto wafike kumi, au ishirini, tunahakikisha hakuna anayefika peke yake, tunambembeleza baba mwenye wasiwasi, tunamshikia mzigo mama mwenye mapacha. Muuguzi akifika anakuta foleni. Anafungua chupa kwa amani na inaisha.

Tumejifunza mpaka kusoma ile alama iliyoko kwenye chupa, kile kiduara chenye mraba mweupe katikati, joto likizidi mraba unakolea, ukishafanana na duara chanjo hiyo haifai tena. Kuna bibi kwenye kikundi hajawahi kukanyaga darasani, lakini hiyo alama anaisoma, na aliwahi kuiwahi kabla ya muuguzi, akasema mwanangu hii imeungua. Ilikuwa kweli.

Ile hesabu mnayoiita upotevu wa dozi kwenye makaratasi yenu, huku kwetu inapunguzwa na miguu ya wanawake, na haina mstari kwenye bajeti.

Sasa nije kwenye siasa zenu, maana ndo zimenifanya niandike.

Mwezi wa 5 mwaka 2020, wakati wa korona, mpaka wetu ulikuwa vita ya maneno. Kenya ilikuwa inapima madereva wa malori, wa Tanzania wengi wakirudishwa, upande wetu nao wakajibu, tarehe 16 Rais wa Kenya akatangaza kufunga mpaka isipokuwa mizigo. Malori yalipanga foleni ndefu ambayo sijawahi kuiona maisha yangu. Mama lishe na wauza shanga ambao maisha yao yote ni kuvuka asubuhi na kurudi jioni walikaa nyumbani bila hela, na mwanamke akikaa bila hela yake mwenyewe ile ruhusa niliyoisema hapo juu inazidi kuwa ngumu. Hakuna aliyewauliza wakati mnafungua wala wakati mnafunga.

Alafu ikaja chanjo yenyewe ya korona. Mwezi wa 3 mwaka 2021 ndugu zetu wa upande wa pili walianza kuchanjwa AstraZeneca, Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni moja kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawana chanjo za korona. Unavuka barabara tu, shangazi yako amechanjwa, wewe huna hata cha kuulizia, kwa sababu mwezi wa 1 mwaka huohuo Rais wetu wa wakati ule alikuwa amesema hadharani akiwa Chato kwamba chanjo hizo hazifai, na wizara ikasema hakuna mpango wa kuzipokea. Sisemi haya kumsema marehemu vibaya, Mungu amrehemu. Nasema kwa sababu sisi ndo tulibaki na maneno hayo kwenye maboma. Baadae Rais Samia akaingia, tarehe 28 mwezi wa 7 akachanjwa mbele ya kamera, dozi milioni moja na kitu za Johnson & Johnson zikawa zimefika toka Marekani kupitia COVAX, na tukaambiwa haya, kina mama, nendeni mkahamasishe. Miezi sita tu! Tukaenda. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, akaniuliza, binti yangu, ile serikali ya mwezi wa 1 na hii ya mwezi wa 7 ni mbili au moja? Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kuna dada alikuja kwangu jioni giza likianza kuingia, kadi ameifunga kwenye pindo la kanga, alitaka kuchanjwa lakini mume amekataa kwa sababu alisikia redioni miezi ile. Tukamtafuta muuguzi, akachanjwa nyuma ya nyumba yangu, tukakubaliana sote tutanyamaza. Ile chanjo ya dozi moja ilimsaidia, ingekuwa ya mara mbili sijui angerudije. Nilifurahi na nikaumia, maana haki ya mtu mzima kuamua kuhusu mkono wake haitakiwi kufanyika kwa kujificha kama wizi.

Na msidhani nailaumu serikali yangu peke yake. COVAX iliahidi dozi bilioni 2 kabla ya mwisho wa 2021, mpaka katikati ya mwezi wa 1 2022 ndo ilikuwa imefikisha ya bilioni moja, tena hiyo ilipokelewa Rwanda. Tegemeo kubwa lilikuwa kiwanda kimoja cha India, India ilipozidiwa na wagonjwa wake ikazuia kutoa nje, na shangazi zetu wa Kenya waliokuwa wamepata dozi ya kwanza wakaongezewa wiki za kusubiri ya pili. Wenye hela walikuwa wameshanunua mapema na kujaza maghala, wakaja kutugawia zilizobaki zikiwa zimebakiza siku chache kuisha muda. Hata zilizopita Umoja wa Afrika zilichelewa, Malawi ilipokea dozi 102,000 mwishoni mwa mwezi wa 3 2021 zikiwa na siku 18 tu, wakakimbizana nazo kadri walivyoweza, na mwezi wa 5 wakachoma 19,610 mbele ya waandishi wa habari. Nigeria ikaharibu zaidi ya milioni moja mwezi wa 12. Picha za moto ule zilifika kwenye simu za huku kabla hata sisi hatujapata maelezo ya kuwapa watu, na kila mtu akatafsiri anavyotaka, wengine wakasema si mnaona wenyewe wanazichoma, ni sumu. Mpaka leo nikisema chanjo yoyote, hata ya polio ambayo mama zetu walitupeleka tukachanjwa, kuna mtu atanitajia Malawi.

Hata zilizokuwa zinajazwa kwenye chupa hapahapa Afrika, kiwanda cha Aspen pale Gqeberha Afrika Kusini, mwaka 2021 kuna zilizokwenda Ulaya wakati bara letu linasubiri, na mwaka uliofuata kiwanda hicho kilipopata kibali cha kuuza kwa jina lake kikakosa oda. Hili mniwie radhi, sitalielewa kamwe.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni cha mabinti.

Saratani ya mlango wa kizazi ndo inaongoza kuua wanawake kwa saratani hapa kwetu, na chanjo ya HPV, kirusi kinachoileta, ipo. Rwanda walianza 2011. Uganda 2015. Tanzania tukaianza nchi nzima mwezi wa 4 2018, lakini kwa mabinti wa miaka 14 tu, kwa sababu duniani dozi zilikuwa hazitoshi. Kenya wakaanza mwezi wa 10 2019 kwa mabinti wa miaka 10. Sasa hapa Namanga kuna familia ni moja, baba zao ni ndugu, boma moja liko huku na lingine liko kule, unaweza kutupa jiwe likafika. Binti wa kule alichanjwa akiwa na miaka 10 shuleni. Mtoto wa baba yake mdogo wa huku, wamepishana miezi miwili, akaambiwa asubiri afike 14. Na huyu wa huku alipofika 13 akaacha shule kwa sababu mnazozijua, na chanjo ilikuwa inatolewa hasa shuleni. Mama yake aliniuliza, wafadhili si ni walewale? Nikamwambia ni walewale, Gavi. Akasema kwahiyo mpaka ndo unaamua nani atapata saratani. Tulimpigania binti huyo mpaka akachanjwa kituoni baadae, lakini ni kwa sababu alikuwa na kikundi nyuma yake, na mabinti wangapi hawana?

Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14, baada ya WHO kusema dozi moja inatosha. Hili tunawashukuru kwa moyo wote, lilirahisisha kazi kuliko semina zote mlizowahi kutufanyia. Ila tulijua wiki ileile ilipoanza. Baba zao wakaanza kuuliza kwanini jana dozi mbili leo moja, kwanini wa miaka tisa, mnataka kuwafunga kizazi? Uvumi wa kufunga kizazi unamgusa msichana tu, kwa sababu kwenye vichwa vya wengi msichana thamani yake ni kuzaa, na uvumi huo hauvunjwi na bango lenye picha ya daktari. Unavunjwa na mama anayemjua baba huyo, aliyekaa nae msibani, anayeweza kumwambia wangu nimemchanja na huyu hapa. Tungepewa hata mwezi mmoja wa kujiandaa tungekaa na hao kina baba mapema, tungewapa nafasi ya kuuliza maswali yao kabla hawajajazwa majibu ya WhatsApp.

Na sasaivi hela zinakauka. Mwezi wa 1 2025 Marekani ilisimamisha misaada, USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa kabisa tarehe 1 mwezi wa 7. Tarehe 25 mwezi wa 6, kwenye mkutano wa kuichangia Gavi kule Brussels, Marekani ikasema haitoi tena, na Gavi iliyokuwa inatafuta dola bilioni 11.9 za miaka 2026 mpaka 2030 ikatoka na zaidi ya bilioni 9. Mtu wa Brussels anaona pengo la bilioni mbili na kitu, mimi naona ni mkoba gani utakatwa kwanza. Nawaambia kabla: utakatwa ule wa mbali, wa mama asiye na nauli. Wa mjini hautaguswa, maana wa mjini wana sauti na wana mbunge anayepokea simu.

Marais wetu waliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda afya. Mwaka 2001! Binti aliyezaliwa mwaka ule ana watoto sasa, nawajua mimi, nimewapeleka kwenye mkoba. Tukisema tunataka kujitegemea, basi tuanzie pale.

Nasikia pia mipango ya viwanda, kwamba ifikapo 2040 Afrika itengeneze asilimia 60 ya chanjo zake, na kwamba kuna zaidi ya dola bilioni moja zimetengwa toka 2024 kusaidia hivyo viwanda. Naliunga mkono hili kwa nguvu zote, sitaki wajukuu zangu wasubiri makombo ya ghala la mtu. Lakini katika mazungumzo yote hayo sijasikia mtu akiuliza chanjo ikitoka kiwandani Kigali au Dakar nani ataipeleka kwenye boma la mwisho, kana kwamba hilo limeshatatuliwa. Limetatuliwa na nani? Na sisi, kwa bure.

WHO wenyewe wanasema wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani na kwenye uongozi ni robo tu. Hao ni wenye ajira, sisi hata kwenye hiyo hesabu hatumo. Kwenye kampeni moja ya 2021 tulizunguka maboma siku tisa. Walioandika majina mezani, karibu wote wanaume, walisaini posho kila jioni. Sisi tulipewa tisheti na soda, na tulivyouliza tukaambiwa nyie ni wa kujitolea, kina mama mna moyo. Moyo tunao. Sabuni ya kufulia hiyo tisheti hatuna. Na mwanamke akirudi nyumbani siku ya tisa mikono mitupu mume anamuuliza kilichompeleka ni nini, na hapo usawa wote tuliokuwa tunaufundisha unaonekana ni maneno ya watu wasio na kazi.

Nashukuru Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwezi wa 1 2024, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wenye malipo, na Kenya wamewapa wahamasishaji wao zaidi ya 100,000 mabegi ya vifaa na posho toka 2023. Hizo ni hatua za kweli. Ninachoomba ni kwamba sifa za kuchaguliwa zisiwafungie nje haohao waliofanya kazi miaka yote, maana ukidai cheti cha kidato cha nne kwenye kata ambayo mabinti waliolewa darasa la sita, umeshachagua wanaume bila kusema neno wanaume. Yule bibi anayesoma alama ya chupa hana cheti. Mtafutieni nafasi yake.

Ninachoomba kingine ni ratiba. Nchi za Jumuiya zikae zikubaliane umri na dozi za chanjo kwenye kata za mpakani, Namanga, Sirari, Holili, Mutukula, Rusumo, kadi ya upande mmoja itambulike upande wa pili bila mama kukalipiwa, kwa sababu sisi tunavuka, ng'ombe wetu wanavuka, na surua inavuka bila kugonga muhuri. Ebola na mpox zimeshawafundisha hilo, mnakutana haraka sana ugonjwa ukishatisha, kutaneni na siku ambayo hautishi.

Na mkibadili kauli, tuambieni kabla. Mwezi wa 1 2025 tulisikia hakuna ugonjwa wa Marburg, unaofanana na Ebola, Kagera, wiki haijaisha tukasikia ipo. Mtu wa ofisini hilo kwake ni taarifa kwa vyombo vya habari mbili tofauti, kwetu ni mlango uliofungwa usoni mwa mwanamke ambaye alikuwa amefanya kazi miaka minne kuufungua.

Kwenye kamati zenu za chanjo za wilaya na za mkoa, na kwenye kundi la wajumbe mnaowapeleka Geneva na Addis, wekeni wanawake wanaopita kwenye maboma. Mmoja wa kupigwa nae picha hatusaidii, tunataka wawili watatu wenye haki ya kupiga kura kuhusu hela. Mlisaini Itifaki ya Maputo ya 2003, ya haki za wanawake Afrika, Tanzania ikaridhia 2007, kifungu cha 14 kinaongelea haki ya mwanamke juu ya afya yake, tumekisoma kwenye kikundi kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, wanachama wanakijua. Msishangae wakiwauliza.

Mkoba unaofuata kwetu ni Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi. Mmoja wenu aje, bila msafara, afike saa kumi na moja alfajiri tuzunguke nae, avae viatu vya kutembea. Majibu ya barua hii mnaweza kuyaleta ofisi ya mtendaji wa kata, kikundi kinakaa kila Jumamosi saa tisa mchana na barua huwa tunasomewa na katibu.

Wasalaam,
Mwanakikundi, Namanga